Je, Mwajiri Mpya Aweza Kujua Kwamba Ulifukuzwa Kazi?

Miongoni mwa maswali ambayo watu huulizana kwa sauti ya chini, barazani na ofisini, kwa wakili na kwa jirani, liko hili: mtu aliyefukuzwa kazi mahali pamoja, akaenda kuomba kazi mahali pengine, je, mwajiri wake mpya aweza kuyajua yaliyompata? Wanaouliza, aghalabu, si wahalifu. Ni karani aliyekosana na mkubwa wake. Ni muuguzi aliyechelewa zamu mara kwa mara mwanawe alipokuwa mgonjwa. Ni mshika fedha ambaye hesabu zake za jioni zilipunguka, wala hakupata shahidi wa kumtetea. Na ni yule pia aliyekosa kweli, akajuta, na sasa ataka kuanza upya. Kila mmoja wao ana watoto wa kulisha na kodi ya nyumba ya kulipa, na kila mmoja ana barua ya kuachishwa kazi ndani ya bahasha, asijue kama aionyeshe, aifiche au aichane.

Jawabu ni kwamba ndiyo, mwajiri mpya aweza kujua, na mara nyingi hujua. Lakini njia anayojulia siyo ile ambayo wengi huiogopa. Hakuna daftari la taifa, wala Kenya wala Tanzania, lililoorodhesha watu wote waliopata kufukuzwa kazi, ambalo kila mwajiri aweza kulifungua na kulisoma. Hati ambayo sheria humlazimisha mwajiri wa zamani kuitoa haidaiwi kutaja kosa la mtu. Habari husafiri kwa simu, kwa barua, kwa matangazo ya magazetini, kwa hukumu za mahakama na kwa ndimi za watu waliofanya kazi pamoja. Na madhali husafiri kwa njia hizo, mwenye kuhusika ana haki ya kuzijua njia zenyewe, mipaka yake, na namna ya kujilinda bila ya kusema uongo.

Zama za kipande

Ili tuione thamani ya karatasi iliyo kimya, yafaa tukumbuke zama ambazo karatasi ilisema karibu kila kitu. Katika Kenya ya wakoloni ilitungwa mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, ambayo utekelezaji wake ulingoja mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, ukaanza mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume mtu mzima alipewa kipande: cheti chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, pamoja na jina la mwajiri wake, aina ya kazi, mshahara, siku aliyoingia kazini na siku aliyotoka, ikithibitishwa kwa sahihi ya mwajiri. Cheti hicho kilitiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa kamba, na polisi aliweza kumsimamisha mwenyewe njiani na kumtaka akionyeshe. Mwajiri aliyekataa kutia sahihi ya kumwacha mfanyakazi alimfungia milango ya kazi nyingine zote. Na mfanyakazi aliyeondoka bila ya sahihi hiyo alihesabiwa mtoro, akaandamwa kwa mashtaka ya jinai.

Haikuwa ajabu, basi, kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachoma watu nyoyo kupita kiasi. Harry Thuku na wenzake walipoanza harakati zao Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa katika orodha ya malalamiko yao, sawia na kodi na kazi za kulazimishwa. Na Thuku alipokamatwa mwezi Machi mwaka 1922, umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na watu wakauawa. Mpaka mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kipande cha shingoni kikaondoka. Katika zama zile swali letu halikuwa na haja ya kuulizwa, kwa kuwa historia ya mtu kazini ilikuwa imetundikwa kifuani pake, aisome kila apitaye. Sheria tulizo nazo leo zimetoka mbali, na anayezilalamikia kwamba zinawaficha wakosaji hana budi kukumbuka zilikotoka.

Hati ya utumishi na mipaka yake

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 51, yamwamuru mwajiri kumpa hati ya utumishi kila mfanyakazi anayeondoka, ila yule ambaye kazi yake haikudumu majuma 4 mfululizo. Yatakiwayo ndani ya hati hiyo ni machache: jina la mwajiri na anwani yake, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza kazi, aina ya kazi na mahali alipoifanyia, na siku kazi ilipokoma. Sababu ya kukoma haimo katika orodha hiyo. Sheria hiyo hiyo yasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa ushuhuda wowote juu ya tabia ya mtu wala ubora wa kazi yake. Lakini akikataa kwa makusudi kutoa hati yenyewe, au akaandika ndani yake jambo analolijua kuwa ni la uongo, ametenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, nayo yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, kwa namna iliyowekwa na sheria. Hapa wafanyakazi wengi hukosea jambo moja: huondoka kwa hasira au kwa haya, wakadhani kwamba aliyefukuzwa hana haki ya kupewa chochote, kumbe haki ya hati hii haitegemei namna mtu alivyoondoka. Aliyejiuzulu, aliyepunguzwa kazini kwa sababu ya hali mbaya ya biashara, aliyestaafu na aliyefukuzwa kwa kosa kubwa, wote waistahili. Na mtu ambaye hakuichukua siku ile aweza kurudi kuidai.

Kwa hiyo mwajiri mpya anayepewa hati hiyo haoni neno la kufukuzwa. Aonacho ni tarehe mbili, nazo zina maneno yake. Miezi minane ya kukaa bure baina ya kazi moja na nyingine humfanya msomaji makini aulize. Mkataba wa miaka miwili uliokoma katika mwezi wake wa kumi na moja humfanya aulize zaidi. Hayo ni maswali tu, wala si ithibati, na mwombaji mwenye jawabu la kweli hana sababu ya kuyaogopa.

Ziko karatasi nyingine ambazo watu huzishuku bila ya sababu. Cheti cha tabia njema kitolewacho na polisi huonyesha rekodi za jinai, hakionyeshi ugomvi wa ofisini. Anayefukuzwa kwa kuchelewa au kwa kutomtii mkubwa wake hataandikwa humo. Ripoti za taasisi za taarifa za mikopo hueleza madeni na ulipaji wake. Taarifa za michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii huonyesha ni mwajiri gani aliyekuwa akichangia na ni mwezi gani mchango ulipokatika, wala hazielezi kwa nini. Lakini yule aliyefanya kazi miaka mitano akaandika saba, kisha akatakiwa alete taarifa ya michango yake, hujikuta ameshuhudia dhidi ya nafsi yake.

Simu baina ya ofisi mbili

Sasa tuje kwenye njia kubwa, ambayo ndiyo inayowajulisha waajiri walio wengi. Mwombaji kazi hutakiwa aandike katika wasifu wake majina ya wadhamini watatu, na aghalabu mmoja wao huwa ni mkubwa wake wa kazi iliyopita. Mwajiri makini hawangojei hao tu, bali hutafuta namba ya simu ya ofisi yenyewe na kuzungumza na afisa utumishi mwenzake. Mazungumzo yao, aliyewahi kuyasikiliza ayajua, huwa na mwendo kama huu.

"Assalaam aleikum, dada. Samahani nakusumbua. Kuna kijana hapa asema alikuwa kwenu miaka mitatu, upande wa bohari."

"Wa aleikumu salaam, kaka. Ndiyo, alikuwa kwetu."

"Kazi yake ilikuwaje?"

"Alikuwa mchapa kazi tu."

"Na lau angerudi leo kuomba, mngemchukua?"

Hapo pande zote mbili hunyamaza kidogo. Kisha yule dada husema, "Kaka, mimi naweza kukuthibitishia tarehe zake tu."

Hakuna tusi lililotamkwa, wala tuhuma iliyotajwa, wala siri ya ofisi iliyotolewa. Na hata hivyo anayeuliza ameweka kalamu chini, amekwisha kuelewa, au amedhani kwamba ameelewa. Swali lile la kumrudisha mtu kazini ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa jawabu lake la kusitasita hubeba maana ambayo mwenye kuhusika hana nafasi ya kuijibu. Huenda yule dada amekatazwa na kampuni yake kusema zaidi ya tarehe kwa mfanyakazi yeyote, mwema au mbaya, maana kampuni nyingi zimejiwekea kanuni hiyo ili kuepuka kesi. Na huenda kijana yule hana ila hata moja. Mwajiri mwadilifu hatosheki na ukimya wa namna hiyo, bali humwita mwombaji mwenyewe na kumpa wasaa wa kueleza.

Mbali na simu rasmi, yako mazungumzo yasiyo rasmi, na haya hayana mlango wa kuyafungia. Katika biashara ya hoteli za pwani, katika bandari, katika mabenki, katika shule za binafsi, watu wa fani moja wajuana: walisoma chuo kimoja, wamo katika kundi moja la simu, hukutana harusini na matangani. Neno lililosemwa Nyali jioni huwa limefika Diani asubuhi. Sheria haiwezi kuzuia watu kujuana. Yaweza tu kumwajibisha anayesingizia.

Yaliyoandikwa hadharani

Ziko pia njia ambazo habari hutangazwa kwa kila mwenye macho. Ya kwanza ni lile tangazo la gazetini lenye picha ya mtu, likiujulisha umma kwamba aliye pichani si mfanyakazi tena wa kampuni fulani na kwamba atakayefanya naye shughuli kwa jina la kampuni hiyo atajitakia mwenyewe hasara. Yako matangazo ya haki, kwa mfano pale wakala wa mauzo aliyeondolewa anapoendelea kukusanya fedha za wateja. Lakini yako mengine ambayo hutolewa juu ya mtu asiyekuwa na dhamana ya fedha wala ya wateja, na taathira yake ni kumfedhehesha. Picha ya mtu na habari zake za kazi ni taarifa binafsi zilizo chini ya ulinzi wa sheria, na aliyetangazwa bila ya sababu ya msingi ana mahali pa kulalamika.

Ya pili ni rejista za fani. Mwalimu wa Kenya anayefutwa katika rejista ya Tume ya Huduma za Walimu haondoki shuleni kwake tu, bali huondolewa katika kazi ya ualimu nchini kote, na majina ya waliofutwa hutangazwa. Mawakili, madaktari na wauguzi nao wana mabaraza yanayoweza kusimamisha au kufuta leseni, na mwajiri yeyote aweza kuuliza kama leseni ya mtu ingali hai. Anayefanya kazi ya namna hiyo asidhani kwamba kuhama mji kutamfichia jambo lililofika barazani.

Ya tatu huwashangaza wengi: ni mahakama yenyewe. Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa dhulma akaenda kushtaki, na kesi yake ikafikia hukumu katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Kenya, au katika Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu ya Tanzania, jina lake na la mwajiri wake huandikwa juu ya hukumu hiyo, na hukumu za mahakama hizo huwekwa kwenye intaneti ambako yeyote aweza kuzisoma bila ya malipo. Aliyeshinda kesi ana hukumu ya kumtakasa. Lakini mwajiri mpya asiyekuwa na insafu aweza kuona kesi tu, asiangalie nani alishinda, akamwita mtu huyo mgomvi. Simwambii mtu aache kudai haki yake kwa hofu hiyo. Nasema kwamba upatanisho unaofanyika mapema, kwa afisa wa kazi wa Kenya au kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, una faida hii ya ziada, kwamba jambo laweza kumalizika kwa makubaliano, na makubaliano hayo yaweza kutaja mpaka maneno ambayo mwajiri wa zamani atayasema atakapoulizwa.

Haki ya aliyefukuzwa

Mwajiri wa zamani anaruhusiwa kusema ukweli. Jambo hili watu wengi hawalipendi, lakini ni haki: kampuni iliyompoteza mshika fedha kwa sababu ya wizi uliothibitishwa yaweza kumjibu hivyo mwajiri anayetaka kumpa mtu huyo funguo za kasha. Sheria ya kashfa, tuliyoirithi katika msingi wa sheria za Kiingereza, humkinga anayetoa habari kwa nia njema kwa mtu mwenye haja halali ya kuzijua. Kinga hiyo huondoka pale panapothibitika kwamba msemaji alisema kwa chuki, au alisema uongo akijua kuwa ni uongo.

Nje ya chuki kuna uzembe, na juu ya huo iko hukumu mashuhuri ya Uingereza ya mwaka 1994, katika kesi ya Spring dhidi ya kampuni ya bima ya Guardian Assurance. Bwana Spring alikuwa muuza bima; alipoachishwa kazi akaomba kazi kwingine, na kampuni yake ya zamani ikaandika juu yake maelezo mabaya mno, yaliyotungwa bila ya uchunguzi wa kutosha, yakamfungia milango katika biashara ile. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo iliamua kwamba mwajiri anayetoa maelezo juu ya mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuchukua hadhari, na akizembea, na mtu akadhurika, aweza kulipishwa. Hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu, lakini mawakili wa Afrika Mashariki huzitaja, na hoja yake ni hoja ya uadilifu mahali popote.

Juu ya hayo zimekuja sheria za ulinzi wa taarifa binafsi: ya Kenya ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa sheria hizi, anayekusanya habari za mtu sharti awe na msingi wa kisheria wa kufanya hivyo, kama ridhaa ya mwenyewe. Na mwenye habari ana haki ya kujua ni nini kilichohifadhiwa juu yake na kutaka kilicho cha uongo kisahihishwe. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya, na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania.

Na haki iliyo kubwa kuliko zote huja kabla ya kufukuzwa kwenyewe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya chamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi atakayemchagua mwenyewe, na asikilize utetezi wake. Sheria ya ajira ya Tanzania nayo yataka sababu halali na utaratibu wa haki. Aliyenyimwa hayo asilale: Tanzania, shauri la kuachishwa kazi hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30; Kenya, malalamiko kwa afisa wa kazi huwa ndani ya miezi 3, na kesi mahakamani ndani ya miaka 3. Wengi wamepoteza haki zao kwa kukaa nyumbani wakihuzunika mpaka muda ukapita.

Wasiokuwa na karatasi

Kuna kundi la wafanyakazi ambalo maneno yote haya ya hati na tume hulipita kwa mbali, nalo ni la wanaofanya kazi za nyumbani. Dada wa kazi anayeondolewa Kinondoni au Kilimani hapewi cheti, ijapokuwa sheria yamhusu sawa na karani wa benki. Apewacho ni nauli, na pengine si nauli kamili. Sifa yake yote imo kinywani mwa mama mwenye nyumba, na mama akisema kwa jirani kwamba binti yule ana mkono mrefu, hakuna afisa wala faili litakalouliza ushahidi.

Wanaovuka bahari kwenda Ghuba hukutana na hali iliyo nzito zaidi. Katika Omani, kwa muda mrefu mfanyakazi mgeni hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ya barua ya mwajiri wake wa kwanza kwamba hana pingamizi. Sharti hilo liliondolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba wake. Katika Saudia, mageuzi ya mwezi Machi mwaka huo huo yaliyolegeza kuhama kwa wafanyakazi hayakuwaingiza watumishi wa nyumbani, na mwajiri aliweza kumripoti mfanyakazi kuwa ametoroka, ripoti iliyomtia mtu huyo katika hatari ya kukamatwa. Aliyesoma habari za kipande ataitambua hali hiyo mara moja: ruhusa ya mtu kutafuta riziki yake kuwa mkononi mwa yule anayemkimbia.

Uongo na gharama yake

Tumefika katika jambo ambalo kwa hakika ndilo kiini cha shauri langu. Fomu nyingi za maombi ya kazi huuliza waziwazi kama mwombaji amepata kuachishwa kazi, na kwa sababu gani. Na chini yake huwa kuna kiapo kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na kwamba yakigunduliwa kuwa ya uongo ajira itakoma. Mwombaji akiandika hapana ilhali jawabu ni ndiyo, amemkabidhi mwajiri wake mpya sababu halali ya kumfukuza, sababu ambayo hakuwa nayo kabla, tena isiyochakaa kwa miaka. Kufukuzwa kwa mara ya kwanza huenda kulikuwa ni dhulma. Kufukuzwa kwa mara ya pili kutakuwa ni haki.

Tanzania iliona mfano mkubwa wa uongo wa kale kumrudia mwenyewe. Mwezi Aprili mwaka 2017, baada ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, Rais John Magufuli alipokea Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na akaamuru waondolewe kazini. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wamepanda vyeo, wamezoeleka kuwa watendaji hodari. Na yote hayo hayakuwafaa kitu mbele ya karatasi moja ya uongo iliyowasilishwa zamani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika mambo ya ajira ni vivyo hivyo.

Kusema kweli, hata hivyo, si kujianika. Asiyeulizwa hana wajibu wa kuandika katika barua yake ya maombi kwamba alifukuzwa. Anayeulizwa na ajibu kwa maneno machache yaliyo kweli: kazi ilikoma mwezi fulani, kwa sababu hii, nami nimejifunza hili; au, nilituhumiwa hivi, nikakana, na shauri langu liko mahali fulani. Asimtukane mwajiri wake wa zamani, maana anayesikiliza hujiuliza naye atasemwaje siku moja. Aandae mdhamini mwingine aliyemjua kazini, kama msimamizi aliyehama au mteja aliyeridhika naye. Na kabla ya kuliandika jina la mtu huyo, amwombe ruhusa na amweleze ukweli wote, ili simu itakapolia asiwe anaisikia habari kwa mara ya kwanza.

Kwa waajiri nao nina ombi. Ulizeni, kwa kuwa ni haki yenu kuuliza. Lakini mkipata neno baya, mpeni mwenyewe nafasi ya kulijibu kabla ya kumwandikia barua ya kumkataa. Mnapoulizwa ninyi juu ya mtu aliyewatumikia, semeni mnaloweza kulithibitisha, mliache mnalolidhani. Na mtu anapoondoka kwenu, kwa wema au kwa ubaya, mpeni hati yake siku hiyo hiyo, asirudi mlangoni kuiomba kama sadaka.

Na wewe uliyefukuzwa, ukaisoma makala hii hali una bahasha ile mkononi: dai hati yako ya utumishi, hesabu siku zako za kulalamika zisikupite, na usiandike uongo katika fomu ya mtu. Mwajiri mpya aweza kujua. Basi na aijue habari kwako kwanza, kabla hajaisikia kwa mwingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.